Usije Desemba

Drusilla Bochaberi,
S.L.P. 41,
Litein, Kericho.
11 Novemba, 1973.

Mpendwa mwanangu Mokaya,

Pokea salamu nyingi za mama yako mdogo. Natumaini wewe u mzima, mke wako Kalunde ni mzima, na yule mtoto wenu Bitutu, ambaye hatujapata kumwona, ameota meno na anatembea. Nasikia Tabora jua ni kali na asali ni nyingi. Hali yangu si mbaya, ila goti linaniuma nikikanyaga cherehani kwa muda mrefu. Baba yako mdogo Phelix anakohoa. Kisa cha kukohoa kwake utakisoma huko chini.

Mvua za huku zinanyesha vizuri. Chai inatoa majani mpaka watu wanakosa vikapu, na Litein siku za soko ni matope hadi kwenye vifundo. Nimeshona sare za kwaya mbili mwezi huu.

Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa lugha ya kwetu, ili Kalunde aisome mwenyewe. Safari iliyopita ulinijibu kwamba umemsomea ile sehemu inayomhusu. Hii inamhusu yote, kwa hiyo mpe karatasi mkononi.

Barua yako ilinifikia wiki iliyopita. Unasema umepata likizo, na utakuja Desemba pamoja na mke na mtoto kumwona mama yako huko Boito. Nakujibu waziwazi: usije. Sikukosea kuandika wala sijalewa. Ukisimama kwenye ule mlango Desemba, utamuua mama yako, na hatakufa kwa furaha. Nitakueleza kwa utaratibu, nawe usiruke hata mstari mmoja.

Baba yako Kepher alipofariki, mama yako alibaki pale Boito, walikohamia kutoka Kisii, na nyumba ya vyumba vitatu. Ulikuja ukazika, ukakaa siku chache, ukarudi kwenye kazi yako ya reli. Kwa hilo sikulaumu, mwanamume ana kazi. Nakulaumu kwa yaliyofuata, na yaliyofuata ni kimya.

Mama yako Yunia akaendelea kupika ugali wa watu wawili. Mkono wake ulizoea kipimo hicho tangu ulipowaacha wawili pale ukaenda reli, na kumwaga chakula hajui, maana tulilelewa na mama mmoja. Basi alikula wa kwake, kisha akikaa pale mezani bila mtu wa kumsemesha, akala na wa marehemu. Siku nyingine hapiki kabisa, anashinda na chai na andazi mpaka giza. Mtu wa peke yake hana saa ya kula wala saa ya kulala, na hatembei kwenda kwa jirani asiyemwita. Akanenepa, watu wakasema mjane anashiba. Halafu akaanza kukonda huku bado anakula, wakasema sasa ndiyo amekumbuka kuwa ana mume kaburini.

Kitu kilichomtoa nje kilikuwa kimoja tu, kile kikundi cha zamu. Unakifahamu: wanawake wa pale huchuma chai pamoja, leo kwa huyu, siku nyingine kwa yule, na mwenye shamba huwapikia chai ya maziwa yenye sukari ya kukwaruza koo kabla ya kubeba vikapu kwenda banda la majani. Mkubwa wao ni Chelimo, jirani yenu wa ng'ambo ya kijito, yule Mkipsigis mrefu aliyekufundisha kukamua. Mama yako alikuwa akiamka mapema siku za zamu kama msichana anayekwenda harusini.

Lakini alikuwa ameanza kupata kiu isiyokatika, na kukojoa kila mara. Nisamehe, Kalunde, ugonjwa hauna adabu. Katikati ya kuchuma anaweka kikapu chini, anapotelea kati ya michai, anarudi, na kabla hajajaza kiganja anapotea tena. Wenzake wakawa wanatazamana.

Ikatokea siku lori la majani likachelewa mno. Vikapu vilikaa juani vimeshindiliwa, majani yakapata moto, yakawa mekundu, na karani akayakataa yote ya kikundi kizima. Kila mchumaji anajua kwamba majani yaliyobanwa juani yanaungua yenyewe, hata mtoto wa shule anajua. Siku hiyo hawakutaka kujua. Walitaka mtu wa kubebeshwa lawama. Chelimo akasema pale mbele ya mizani, mama yako akiwa amesimama karibu kabisa:

"Huyu mama anakojolea majani. Ndiyo maana imeharibika. Tukikaa na yeye, gari itakataa chai yetu kila siku."

Hakuna aliyecheka na hakuna aliyebisha. Mama yako naye hakujitetea, kwa sababu aliona aibu kusema anaumwa.

Wala hawakumfukuza. Huku hatufukuzi mtu, sisi ni Wakristo. Waliruka zamu yake tu. Siku iliyokuwa yake aliamka akafagia uwanja, akabandika ile sufuria kubwa ya harusi yako ya kanisani, akapanga vikombe vyote mezani, akangoja. Aliwaona wakipita barabarani na vikapu kwenda kwa mwingine. Wakamwamkia "Chamgei" kwa sauti nzuri kabisa, wakapita. Chai ya maziwa haimwagwi. Akainywa peke yake mchana kutwa, kikombe hiki, kisha kile, mpaka vyote vikawa vichafu kama vile watu walikuja.

Zamu iliyofuata akapika tena, na iliyofuata tena. Nilimkuta hivyo siku moja nilipopita kumwona, nikamwuliza vikombe hivi ni vya nani. Akasema, "Wanaweza kuja." Nilimwita mjinga, na alikuwa mjinga. Sukari ile, kama unataka kujua, ilikuwa yako. Kila Krismasi ulituma mfuko badala ya kuja, naye akaamini kwamba akiikoleza zaidi watu watarudi.

Mapema mwaka huu akajipa kazi ya kupogoa chai mwenyewe. Kisiki cha mchai uliopogolewa kina ncha kama msumari. Alikikanyaga kikapenya kiatu cha mpira, na hakusikia kitu, maana miguu ilikwishaanza kufa ganzi. Hakuwa amemwambia mtu habari ya ganzi hiyo. Angemwambia nani? Hakuna mkwe wa kumwosha miguu, hakuna mjukuu wa kuuliza mbona bibi ananuka. Mimi ndiye niliyekisikia kidonda kwa pua kabla ya kukiona kwa macho, nilipokwenda Pasaka na kuku wangu mkononi. Yule kuku hatukumla.

Tulimbeba kwa lori lile lile la majani mpaka hospitali ya misheni. Wakamkata vidole vitatu vya mguu wa kushoto. Mkojo wake ulichemshwa kwenye kichupa pamoja na dawa ya buluu, ukageuka rangi ya tofali mbele ya macho yangu. Daktari, kijana mmoja mpole mwenye shingo nyembamba, alisema huo ni ugonjwa wa sukari na haukuanza jana. Nilidhani atamwuliza anakula nini. Alimwuliza anakula na nani.

Nikamjibia mimi, "Na vikombe." Daktari hakunielewa, na sikumweleza.

Nilimshika pembeni anifafanulie, naandika nilivyoshika. Alisema huzuni ya muda mrefu na kukosa usingizi vinaweza kupandisha sukari mwilini hata kwa mtu asiyeilamba. Tena mpweke anakula ovyo, hatembei, na hakuna anayemwona akikonda akamwambia nenda ukapimwe. Alisema hawezi kuapa kwamba upweke ndio uliomletea, kwa sababu damu yetu inao ugonjwa huo. Bibi yako Bitutu, ambaye mmempa mtoto jina lake, naye alikufa akiomba maji. Ila wajane wanaokaa peke yao anawaona wodini mara nyingi kuliko wale wa nyumba zilizojaa. Wakiruhusiwa kwenda nyumbani huwaona mara ya pili, na kidonda kikubwa zaidi. Mara ya tatu hawaoni.

Akaagiza sindano kila asubuhi. Bomba ni la kioo, lazima lichemshwe, na chupa ya dawa ikae ndani ya mtungi wa maji ipate ubaridi. Mama yako macho yameingia ukungu, haoni mistari ya bomba. Na akishachomwa ni lazima ale kwa wakati, asipokula anatetemeka na kuanguka, na akianguka bila mtu karibu haamki. Kwa hiyo unaona jinsi mambo yalivyokaa. Asipochomwa, sukari inamla miguu. Akichomwa akiwa peke yake, dawa yenyewe itamuua. Daktari alisema asikae peke yake hata siku moja, na alinitazama mimi aliposema hivyo.

Nilikuandikia Mei. Ukajibu Julai kwamba mambo ya kazi yakitulia utaona la kufanya, ukatuma kitenge na sukari. Mokaya, sukari! Nilikuwa nimekutajia ugonjwa kwa jina lake.

Nilimleta kwangu Litein. Alilala kando ya cherehani, wateja wakimruka miguu iliyofungwa bandeji, na baada ya siku chache akaanza kufunga nguo zake kwenye shuka. Alisema mwanamke hafii kwa shemeji yake, na kaburi la Kepher litaota magugu. Nikamrudisha Boito nikijua namrudisha kufa, na nikamwambia hivyo njiani. Kwa siku kadhaa nilikuwa napanda huko asubuhi kumchoma na kushuka kuja kufungua kibanda changu cha kushonea. Mwili wangu ukakataa, na wateja nao wakaanza kwenda kwingine.

Nikamfuata Chelimo shambani kwake. Nilimweleza kwamba ule mkojo ulikuwa ugonjwa, haukuwa uchafu, na kwamba anahitajika mtu mmoja tu asubuhi na mmoja wa kulala naye. Hakuacha kuchuma hata kidogo, mikono yake ilikwenda tu.

"Pole yake," akasema. "Lakini mimi niko na ng'ombe, niko na hii chai. Nitaenda kwake nikafanye nini? Kama iko kilio, tunaenda. Hakuna mtu anakataa kilio, hata ya adui. Lakini mtu ni mzima, ameketi kwake. Utaenda kumuangalia kama sinema?"

Nilimrudishia mama yako maneno hayo yote, neno kwa neno, kwa hasira. Alikuwa amelala amefumba macho, nikadhani hasikii. Akaniuliza, "Amesema hakuna anayekataa kilio?" Nikasema ndivyo alivyosema. Akaniomba nimpe uji wake, nikampa, nikaenda zangu.

Jumamosi iliyofuata, soko limejaa, mwanamke wa Boito alinijia kibandani akilia. "Pole mama. Mokaya yenu amekufa huko Tanzania."

Nilianguka juu ya gauni la mtu. Sikuona haya kulia mbele ya wateja, kwa sababu nilikubeba mgongoni nikiwa msichana, nami nakupenda, hilo ulijue. Phelix alinyoa kichwa pale pale mbele ya kibanda, na baridi ikamwingia kifuani. Ndicho kikohozi hicho. Tukapanda Boito, na mimi nikipiga nduru tangu barabarani, kama inavyotakiwa.

Uwanja ulikuwa umejaa watu. Mioto inawaka, wanaume wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa, na wale wanawake walioruka zamu wote wapo, mmoja anachota maji, mwingine anachambua mboga, Chelimo anamenya viazi na leso kichwani. Ile picha yako ya shule imewekwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Mchungaji alikusifu kwa muda mrefu sana, akasema hukuwahi kumsahau mama yako hata siku moja. Ni mgeni pale, hajawahi kukuona, msamehe.

Walinieleza ilivyokuwa. Mama yako alijikokota na gongo lake mpaka banda la majani saa ya kupima, wanawake wote wakiwa hapo, akakaa chini mbele ya mizani akalia. Akasema behewa limekuponda, kwamba hakukuwa na kitu cha kuleta nyumbani, na kwamba umezikwa huko huko. Wa kwanza kumkimbilia alikuwa Chelimo. Alimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Wazee walinung'unika kwamba mtoto wa mtu hazikwi ugenini, lakini wakala.

Nikamkuta amekaa kwenye mkeka, kitambaa kichwani, bakuli la uji wa wimbi mkononi, wanawake wamembana bega kwa bega. Nilijitupa juu yake. Akanikumbatia, akaniwekea mdomo sikioni, akasema kwa lugha yetu:

"Punguza sauti, Drusilla. Hajafa. Kaa ule."

Nilifikiri huzuni imempa wazimu. Nikamwuliza amefanya nini.

"Nimemwua," akasema. "Si alikuwa amekaa bure tu?" Kisha akaachia kilio kilichosikika ng'ambo ya kijito, na wanawake wakalia naye.

Nilikasirika, Mokaya. Kwetu mama hatamki kifo cha mwanawe hata kwa mzaha, ni kama kukutupia laana, nami nilitaka kusimama niwaambie watu warudi kwao. Nikatazama mguu wake kwanza. Kuna mtu alikuwa ameuosha na kuufunga kitambaa kisafi, na si mimi. Nikakaa. Nikaletewa chakula, nikala. Baadaye tulipokuwa wawili tu chooni nikamwambia habari ya laana. Akasema anaiogopa, lakini anaogopa zaidi kula peke yake.

Kilio cha mama aliyepoteza mtoto wake wa pekee hakiishi kwa wiki. Haachwi alale bila mtu, na Wakipsigis na Wakisii wanakubaliana kwa hilo hata kama kwa mengine hawakubaliani. Kikundi kimerudisha zamu, safari hii ya kulala. Shamba linachumwa. Asubuhi anakuja Chelimo na sindano. Alifundishwa hospitalini na ana mkono mwepesi, kwa kuwa amezoea kuchoma ng'ombe. Hajaomba radhi na hataomba. Anamchoma, anamwekea sahani, anasimama juu yake na kumwambia, "Kula, mama. Usiangalie mimi, angalia chakula." Chai wanapika bila sukari kwa sababu daktari amekataza, wanakunywa wakikunja nyuso. Jioni wanamtembeza polepole hadi kaburini kwa Kepher na kumrudisha.

Mwezi uliopita tulikwenda kupimwa. Kile kichupa hakikuwa tofali tena, kilikuwa kijani hafifu, na kidonda kimefunga. Daktari alifurahi mpaka akamwita nesi aje aone. Akamwuliza mama yako amefanya nini.

"Nimefiwa," mama yako akajibu.

Kijana wa watu aliona haya, akampa pole, asiulize tena.

Ndipo barua yako ya likizo ikaja. Nilimsomea Jumapili huko chini shambani, mbali na masikio ya watu. Akaniambia nirudie pale panaposema Desemba, nikarudia. Akauliza utakaa muda gani. Nikamwambia wiki mbili. Akauliza, na baada ya hapo? Nikamwambia barua haisemi.

"Na mtoto anakuja?"

Nikasema anakuja. Hapo alilia, na safari hii hakutoa sauti yoyote. Alipomaliza akajifuta kwa kanga, akasema, "Wakimwona watajua nimewadanganya. Chelimo alinibeba mgongoni, hatanisamehe. Wiki mbili zitakwisha, yeye atapanda gari lake. Mwambie asije."

Nikamwuliza kama nikuambie uje ukae moja kwa moja, uache reli, ule naye. Akasema, "Drusilla, wewe unamjua." Ndiyo, nakujua. Unampenda mama yako kwa mbali, na kwa mbali ndiko unakoweza.

Kwa hiyo yashike haya. Usije Desemba, wala Pasaka. Usiandike Boito kabisa, na usitume kitu. Ukiniandikia mimi usiweke jina lako nyuma ya bahasha, maana karani wa posta hapa Litein alikuja kwenye kilio chako na akaimba. Hata Phelix hajui, na sitamwambia, kwa sababu nywele zake haziwezi kurudishwa kwa siku moja na ana hasira.

Wewe Kalunde, mkwe wangu, huku u mjane. Kanisani walikuwa wakikuombea na kuuliza kwa nini huleti mtoto wa marehemu nyumbani kwa bibi yake. Nimewaambia umeolewa na mwanamume mwingine. Samahani, ilibidi niseme kitu, na hicho ndicho walichoamini upesi.

Najua, Mokaya, utakasirika, halafu utalia, halafu utataka kuja usiku usiku ujieleze. Jieleze huko. Ungekuja mwaka juzi mikono mitupu, ukakaa pale mezani ukala nusu ya ule ugali, leo ungekuwa hai. Mimi mwenyewe nitakuandikia siku mama yako atakapofariki. Hata hapo sijui utakuja kuzika ukiwa nani.

Barua humalizwa kwa salamu za watu wa nyumbani. Phelix hakusalimu. Chelimo hakusalimu, wala mchungaji, wala yeyote wa Boito au wa kwetu Kisii. Wanakutakia pumziko jema. Anayekusalimu ni mama yako peke yake. Nilipokuwa naondoka alinisindikiza na gongo lake mpaka mlangoni, akaniambia nikupe salamu zake, wewe na Kalunde na mtoto, na kwamba mtoto mumfundishe jina la bibi yake, Yunia. Aliniambia kwa kunong'ona, maana nyumba ilikuwa imejaa watu.

Mungu akujalie maisha marefu, huko huko uliko.

Mimi wako akupendaye, leo kama siku ile niliyokubeba,

Mama yako mdogo,
Drusilla Bochaberi